Popo bustanini: Kuwaua hakutukingi na Marburg

"Daktari, nyuma ya nyumba yangu kuna mwembe na mkungu. Giza likiingia popo wanajaa, asubuhi uwanja wote una kungu na maembe yaliyotobolewa. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu na anaokota kila kitu. Jirani ananishauri nikate miti yote au nipake dawa kwenye matunda wafe. Nifanye nini?"

Maswali ya namna hii yamekuwa mengi tangu Marburg ilipoingia Kagera kwa mara ya pili, Januari 2025. Kila taarifa ya mlipuko inapotoka, hata ukiwa nchi ya jirani, watu hutazama juu ya miti yao kwanza. Leo nalijibu swali hili kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili ambayo tunayachanganya. La kwanza: je, popo anaweza kumwambukiza mtoto wangu ugonjwa? La pili: je, nikimuua popo, mtoto wangu atakuwa salama zaidi? La kwanza jibu lake ni ndiyo, mara chache, na kwa njia zinazojulikana. La pili jibu lake ni hapana.

Tuanze na yaliyotokea. Machi 2023 Tanzania ilitangaza Marburg kwa mara ya kwanza, katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Walihesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Septemba 2024 ikawa zamu ya Rwanda: wagonjwa 66, vifo 15. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa pili wa Kagera, safari hii Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huohuo, walihesabiwa watu 10, wawili wakiwa wamethibitishwa maabara na wanane wakihesabiwa kwa dalili na mazingira yao. Wote 10 walifariki. Novemba 2025 Ethiopia nayo ikatangaza Marburg kwa mara yake ya kwanza, katika mji wa Jinka kusini mwa nchi.

Milipuko minne katika ukanda wetu ndani ya miaka mitatu. Mzazi akiogopa, simlaumu. Ugonjwa wenyewe ni mkali: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, misuli kuuma, kisha kutapika, kuharisha na kwa baadhi kutokwa damu. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi. Hakuna chanjo wala dawa maalumu iliyokwisha kuidhinishwa. Kwa wastani nusu ya wanaougua hufariki, ingawa Rwanda, kwa kuwawahisha wagonjwa na kuwapa uangalizi mahututi, ilifanikiwa kushusha vifo hadi chini ya robo.

Lakini angalieni watu hao waliambukizwaje. Rwanda, mgonjwa wa kwanza alihusishwa na kazi ya uchimbaji madini kwenye pango lenye popo. Waliofuata hawakupata ugonjwa kutoka kwa popo. Sehemu kubwa walikuwa wauguzi, madaktari na watumishi wengine wa afya waliomhudumia mgonjwa, wakaupata kupitia damu na majimaji ya mwili. Ndivyo Marburg inavyokwenda: inatoka pangoni mara moja, halafu inatembea kutoka mtu kwa mtu kupitia kitanda cha mgonjwa, shuka lake, matapishi yake na maiti yake. Kama ningepewa fedha ya kuzuia mlipuko ujao, ningeinunulia glovu, sabuni na maji ya bomba zahanati zetu za vijijini kabla ya kununua shoka la kukatia mwembe.

Si popo wote ni wamoja

Kiswahili chetu kina neno moja tu, popo, na neno hilo limebeba wanyama wa aina nyingi mno. Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo. Anayehifadhi kirusi cha Marburg ni mmoja, popo wa matunda anayeitwa popo wa Misri, japo anaishi sehemu kubwa ya Afrika. Kirusi hai kilipatikana ndani ya mwili wake kutokana na uchunguzi uliofanywa kwenye machimbo ya dhahabu ya Kitaka, magharibi mwa Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Huyu hulala mapangoni na kwenye machimbo, maelfu kwa maelfu, wakiwa wamebanana ukutani. Halali mchana kwenye mwembe wako.

Wale mnaowaona nyumbani kwa kawaida ni wengine. Wapo wakubwa wenye manyoya ya rangi ya majani makavu, wanaokaa makundi makubwa juu ya miti mirefu mijini, wenye kelele mchana kutwa. Dar es Salaam wapo. Kampala wapo. Mjini Accra, Ghana, maelfu yao wanakaa miaka mingi kwenye miti ya uwanja wa Hospitali ya Kijeshi ya 37, na wagonjwa wanaingia na kutoka chini yao. Wapo wa ukubwa wa wastani wenye vishungi vyeupe mabegani, ambao usiku wa pwani hutoa mlio mmoja unaorudiwa kama mtu anagonga glasi kwa kijiko. Watu wengi wanadhani ule ni mlio wa chura au ndege. Na wapo wadogo, wa darini, ambao hawali tunda hata moja. Chakula chao ni wadudu, wakiwamo nondo, mende wa mimea na mbu.

Sitaki kumdanganya mtu hapa. Popo wa Misri akitoka pangoni usiku anakwenda kula, na bustani na mashamba ya matunda ni mahali anapopita. Kwa hiyo anayeishi karibu na pango au machimbo yenye popo hana sababu ya kudharau tunda lililotobolewa. Na popo hao wengine nao wana virusi vyao. Mmoja wapo ni ndugu wa kirusi cha kichaa cha mbwa. Mwaka 2007 mwanamke kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo mdogo akiwa kambini Tsavo Magharibi, Kenya. Jeraha lilisafishwa, lakini hakupata chanjo. Baada ya wiki chache alirudi kwao, akaugua na kufariki. Kirusi kilichomuua kinaitwa Duvenhage, jina la mkulima wa Afrika Kusini aliyekuwa wa kwanza kufa kwacho mwaka 1970. Vifo vilivyoandikwa vya kirusi hicho ni vitatu tu. Ni vichache mno, ukilinganisha na kichaa tunachokijua, ambacho asilimia 99 ya wanaokufa nacho duniani wameambukizwa na mbwa. Lakini utaona baadaye kwa nini nimekitaja.

Jambo la tatu ni kinyesi. Mahali penye popo wengi na kinyesi kikavu, hasa darini na mapangoni, huweza kuota fangasi ambao vumbi lake likivutwa huingia mapafuni. Ugonjwa huo, histoplasmosisi, unafanana na kifua kikuu kiasi kwamba mtu anaweza kutumia dawa za kifua kikuu miezi mingi bila nafuu. Ukiwa na kikohozi kisichopona na umewahi kufagia dari la popo au kutembelea pango, mwambie daktari wako. Mara nyingi hatutaulizi tusipoambiwa.

Kitaka walijaribu kuwaua

Sasa nije kwenye dawa ya jirani. Wapo waliowahi kuijaribu, na matokeo yake yameandikwa.

Mwaka 2007 wachimbaji wa Kitaka waliugua Marburg. Machimbo yakafungwa, na katika miezi iliyofuata watu wakaamua kumaliza tatizo: waliwaua popo waliokuwamo na kuziba njia ili wasirudi. Koloni lililokuwa na popo zaidi ya 100,000 likafutika. Ungetegemea kwamba habari imeishia hapo. Mwaka 2012 Marburg ikarudi katika wilaya hiyohiyo ya Ibanda na kusambaa hadi Kabale, ukawa mlipuko mkubwa kuliko ule wa mwanzo, wagonjwa 15 wakithibitishwa maabara. Watafiti walipokwenda kuangalia, popo walikuwa wameanza kurudi mle machimboni, wachache sana, kati ya asilimia 1 na 5 ya wale wa zamani. Lakini kati ya hao wachache, asilimia 13.3 walikuwa na kirusi. Katika tafiti za awali kwenye eneo hilo kiwango kilikuwa asilimia 5.1.

Kwa nini? Mzazi yeyote aliyepeleka mtoto kupimwa na kuchanjwa surua atanielewa. Darasa ambalo karibu watoto wote wana kinga, surua ikiingia inakosa pa kwenda. Ukiliondoa darasa hilo lote na kuingiza watoto wapya wasio na kinga kutoka kila mahali, mmoja akiwa na surua wataugua wengi kwa pamoja. Popo waliokaa pango moja kwa muda mrefu wengi wao wameshapata kirusi na kupona, wana kinga. Wanaoambukizana zaidi ni vijana wa karibu miezi sita, na nchini Uganda ilionekana kwamba wanadamu wengi waliambukizwa katika misimu ileile ambayo popo vijana wanakuwa wengi. Ukiua koloni, pango linabaki tupu, na wanaokuja kulijaza ni wageni na vijana. Waliobaki hai nao wanatawanyika na kirusi chao kwenda mapango mengine. Tena aliyefanya kazi ya kuua ameshika damu, mate na mkojo wa wanyama wengi kwa siku moja kuliko ambavyo angeshika maisha yake yote.

Funzo la pili linatoka Australia. Huko kuna kirusi kiitwacho Hendra, kinachotoka kwa popo wakubwa wa matunda kwenda kwa farasi na kisha kwa binadamu. Watafiti walifuatilia popo hao miaka 25 na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Walikuta kwamba misitu yenye maua ya msimu wa baridi ilipokatwa, popo walikosa chakula, wakahamia kwenye bustani za watu na mashamba ya farasi, na wakiwa na njaa walitoa virusi zaidi. Miaka ambayo misitu iliyobaki ilichanua vizuri, popo walirudi msituni na maambukizi yakakoma. Kwa lugha ya nyumbani: popo aliyeshiba porini hana haja na mwembe wako. Kila tunapokata mikuyu na misufi mlimani tunamwalika mjini, halafu tunashangaa amekuja.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya virusi, wao shida yao ni maembe. Mauritius ilifikiri hivyo. Kuanzia mwaka 2015 serikali yake iliua makumi ya maelfu ya popo wakubwa wa matunda kwa kelele za wakulima wa maembe na lichi. Mavuno hayakuongezeka kama walivyotarajia. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2018 popo huyo, ambaye kwa asili hapatikani nje ya visiwa vile, aliingizwa kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka.

Nani anakula wadudu wetu

Utafiti ulionigusa zaidi kama mama na kama daktari ulitoka Marekani, katika jarida la Science, Septemba 2024. Tangu mwaka 2006 fangasi mmoja wa mapangoni amekuwa akiua mamilioni ya popo wala wadudu nchini humo. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago akauliza swali rahisi: wilaya zilizopoteza popo wake zilifanya nini? Alikuta wakulima waliongeza dawa za kuua wadudu kwa asilimia 31 hivi, kwa sababu wale waliokuwa wakizifanya kazi hizo bure usiku hawapo. Na katika wilaya hizohizo vifo vya watoto wachanga, ukiondoa vya ajali na mauaji, viliongezeka kwa karibu asilimia 8. Alikadiria vifo vya ziada zaidi ya 1,300 katika muda wa miaka kumi na kidogo.

Ni utafiti mmoja, wa takwimu, na hauthibitishi kwamba mtoto fulani alikufa kwa dawa fulani. Nauchukulia kwa tahadhari hiyo. Lakini hauko peke yake katika kutuonyesha kwamba dawa za mashambani na watoto wachanga havipatani, na sisi tuna dawa hizo hadi chini ya kitanda. Nani asiyejua nyumba ambako dawa ya kunyunyizia nyanya imehifadhiwa kwenye chupa ya soda?

Kwa hiyo ushauri wa kupaka sumu kwenye maembe ndio ulionitisha kuliko popo wenyewe. Daktari yeyote aliyefanya kazi wodi ya watoto anaijua sura ya mtoto aliyekunywa dawa ya wadudu: mate yanamchuruzika, jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma, misuli inatetemeka. Wengine tunawaokoa, kwa dawa na oksijeni kama vipo. Mtoto wa miaka mitatu anayeokota kila kitu hatachagua embe lisilo na sumu. Na embe lililotiwa sumu lililoangukia kwa jirani halina maelezo.

Popo naye anapata shida

Hatari zinazomkuta popo bustanini kwetu ni nyingi, na sehemu kubwa tunazitengeneza sisi. Sumu hiyo ni moja. Moshi wa matairi chini ya mti au darini ni nyingine, na darini huwa unachoma nyumba kabla ya popo. Nyavu za bei rahisi zinazotupwa ovyo juu ya mpera zinamnasa bawa, naye anakaa akining'inia mpaka asubuhi, na hapo ndipo watoto wanamfikia na manati. Nyaya za umeme zinamuua popo mkubwa mwenye mabawa mapana anayegusa nyaya mbili kwa pamoja. Seng'enge na nyembe za juu ya ukuta zinachana mabawa. Paka anawavizia wadogo wanapotoka darini. Taa kali zinazowaka uani usiku kucha zinawafukuza baadhi yao kwenye njia zao za chakula.

Mnyama huyu hazaliani kama panya. Kwa kawaida jike huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi, na wengi wao huzaa mara moja kwa mwaka. Ukiua majike 50 Novemba, huwezi kutarajia mwakani wamerudi.

Tungepoteza nini? Ua la mbuyu hufunguka usiku, na popo wa matunda ni mmoja wa wanaolichavusha. Ubuyu mwekundu ambao mwanao ananunua nje ya geti la shule ulianzia hapo. Msufi hali kadhalika. Mbegu za mvule husafirishwa tumboni mwa popo wakubwa kwenda mbali kuliko ndege wengi wanavyoweza, zikaangushwa mahali ambapo msitu umekatwa.

Na tusiseme Waswahili hatuwezi kuishi nao. Pemba kuna popo mkubwa wa aina yake asiyepatikana kwingine kokote duniani. Alikuwa kitoweo, na misitu aliyoitegemea ilikuwa imekatwa, hivi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki mamia machache tu. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda kwenye miti wanayolala, watoto wakafundishwa shuleni, uwindaji ukapungua. Katika miaka ya 2000 hesabu ilifika zaidi ya 20,000. Leo mgeni akienda Kidike anaonyeshwa popo na wanakijiji, na kiingilio kinabaki kijijini. Haya yalifanyika kisiwa kilekile ambacho mwaka 1995 watu walikesha nje ya nyumba zao kwa hofu ya popobawa. Hofu ya jina la popo na ulinzi wa popo vilikaa pamoja, na kisiwa hakikuanguka.

Mzazi afanye nini

Namrudia aliyeniandikia. Mama, usikate mwembe. Asubuhi, kabla watoto hawajatoka, fagia matunda yaliyoanguka na kutobolewa, uyafukie au uyatupe, usimpe mtoto kwa kukata sehemu iliyoumwa. Mengine yaoshe kwa maji safi yanayotiririka na kuyamenya. Matunda unayoyataka yachume yakiwa yamepevuka, kabla hayajaiva mtini, uyavundike ndani. Popo anafuata harufu ya tunda lililoiva. Ukitaka kufunika matawi, tumia neti yenye matundu madogo yasiyopitisha kidole, iliyovutwa ikakaza, ili kisinaswe chochote. Kisima na mapipa ya maji yawe na mifuniko, na nguo usizianike usiku chini ya mti wanaokula.

Kwa wagema wa pwani nina neno moja. Bangladesh watu waliambukizwa kirusi kikali cha Nipah kwa kunywa utomvu mbichi wa mtende uliolambwa na popo usiku mtini. Huku kwetu Nipah haijaonekana, lakini dawa waliyotumia wenzetu haigharimu kitu: walisuka kizuizi cha mianzi kufunika mdomo wa chungu na mahali palipokatwa. Kibuyu cha mgema wa mnazi kinaweza kufunikwa vilevile.

Wafundisheni watoto sheria moja, popo haguswi kwa mkono, awe hai, mgonjwa au mfu. Popo aliyelala chini mchana na hawezi kuruka ndiye wa kuogopwa zaidi. Mfu aondolewe na mtu mzima kwa koleo au mkono uliovikwa mfuko wa plastiki mara mbili, afukiwe, mikono ioshwe kwa sabuni.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, na hapa ndipo nilipotaka mkumbuke yule mwanamke wa Tsavo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Meno ya popo mdogo ni kama sindano na alama inaweza isionekane, kwa hiyo ukimkuta popo chumbani alimolala mtoto mchanga, muoneni daktari hata kama huoni jeraha. Msisubiri dalili. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona.

Homa kali ndani ya wiki tatu baada ya kuingia pangoni au machimboni, au baada ya kumuuguza au kumzika mtu aliyekufa kwa homa isiyoeleweka, iripotiwe kituo cha afya, na mgonjwa asishikweshikwe njiani. Safari za shule kwenye mapango zina raha yake, nami sizipigi marufuku. Lakini mwalimu awe ameuliza kwanza kama kuna popo ndani, na kama wapo, watoto wabaki mlangoni.

Kuna waliouliza kuhusu dari. Popo wadogo wakikaa darini wananuka na wanachafua, na mna haki ya kuwatoa. Jambo la kuangalia ni msimu. Ukiziba matundu wakati wana watoto wasioweza kuruka, watoto watafia ndani, mtanusa harufu hiyo wiki kadhaa, na mama zao watatafuta njia hadi vyumbani. Tazameni jioni wanatokea wapi. Kama bado mnasikia vilio vyembamba vya watoto mchana kutwa, subirini wiki chache. Wakishaanza kutoka wote, ning'inizeni kwenye tundu kipande cha neti au plastiki kilichofungwa juu tu, kiachwe huru chini, ili watoke na wasiweze kurudi. Baada ya siku nne au tano bila kumwona yeyote, fundi azibe kwa saruji au bati. Kinyesi kisifagiwe kikiwa kikavu. Kinyunyizieni maji yenye sabuni mpaka kilowe, mvae barakoa na glovu, mkizoe kwa beleshi kwenye mfuko, na watoto wawe kwa jirani siku hiyo. Mwenye pumu au anayetumia dawa zinazopunguza kinga asifanye kazi hiyo, amtafute mtu.

Kama ni koloni kubwa la mamia juu ya miti ya mtaa, msichukue hatua wenyewe. Afisa wanyamapori wa wilaya na afisa afya wa kata wapewe taarifa kwa pamoja, wakae meza moja, na mwenyekiti wa mtaa awepo.